Nilifuata weupe, nimerudi nawaza waya

Leo nimekaa kwenye kiti cha daktari wa meno. Nia yangu ilikuwa kung'arisha tu.

Akanishikisha kioo nilione jino la mbele lililozibwa zamani. Dawa ya kung'arisha haibadilishi rangi ya kizibo, akasema. Mengine yangekuwa meupe, lile libaki vilevile. Nikacheka hadi mate yakanitoka.

Tukahamia kwenye waya za kunyoosha.
Kumbe jino husogea kwa sababu mfupa wa taya unaliwa upande mmoja na kujengwa upande wa pili!
Ndiyo maana waya zikitolewa unavaa riteina, kifaa cha kuyashikilia meno, la sivyo yanaanza kurudi yalikotoka.

Mfupa wangu mwenyewe, jamani. Bado nagusa taya.

Mliovaa waya ukubwani, usiku wa kwanza ulikuwaje? Semeni ukweli, msinifariji.