Nitaiweka kabatini

Wiki hii dada yangu wa Morogoro amejifungua salama, mtoto wa kike. Stoo ya kazini nayo tumeihesabu yote ya nusu mwaka, hadi misumari, na hesabu ikakubali, jambo ambalo mnajua kwetu si la kila mara. Hayo yamepita. Kilichobaki kichwani ni sentensi moja ya mama mkwe.

"Asante, baba. Hii nitaiweka kabatini."

Aliyasema Jumapili, kwake Mbagala, nilipomkabidhi ile sindano ya kufumia ya mpingo, yenye ndoana kwenye ncha, niliyoichonga mwenyewe. Ndiyo, ile ile niliyowachosha nayo tangu Ramadhani.

Kabati lenyewe mnalijua. La mninga, vioo viwili vya kusukuma, lilitoka Keko enzi za marehemu baba mkwe. Ndani kuna sahani za maua zilizonunuliwa kabla mke wangu, Mama Zuwena, hajaanza shule, seti ya chai kutoka Muscat, na chupa ya chai ambayo bado ina karatasi ya dukani. Kila rafu imetandikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Sijawahi kuona kitu kikitoka mle kwenda mezani. Hata siku ya posa yangu tulinywea vikombe vya kuazima kwa jirani, na seti ya Muscat ikatuangalia kupitia kioo.

Sasa nielewe nini? Kuingia kwenye kabati lile ni cheo, sikatai, wajukuu hawaruhusiwi hata kuliegemea. Lakini mimi nilitengeneza sindano, sikutengeneza pambo. Nilitaka nikienda tena niikute imechomekwa kwenye kitambaa kilichofika nusu, ina jasho la mkono.

Halafu ule mpangilio wa mambo ndio unaonitesa. Aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza. Akapitisha ukucha wa dole gumba ndani ya ndoana, polepole, vile wafumaji wanavyotafuta mkwaruzo. Akatikisa kichwa kukubali, hilo niliona kwa macho yangu. Ndipo akasema alivyosema, na bila kupumua akaniuliza mguu wa mama yangu unaendeleaje. Mtu anayepitisha ukucha si anafikiria kufuma? Kwa nini basi kabatini?

Na siwezi kumuuliza. Mwingine angesema, "Mama, kwani haikufai?" yakaisha. Kwa mkwe huulizi hivyo. Kwa mkwe unasema "shikamoo mama", unakaa kwenye kochi la pembeni, unakula ulichopakuliwa, na maswali yako unarudi nayo kwenye daladala.

Nilimuuliza Mama Zuwena. Alikuwa anachambua mchele.

"Mama ndivyo alivyo," akasema.

"Alivyo vipi?"

"Kwao Nachingwea mpingo ni mchi wa kutwangia. Wewe umemletea mchi mdogo."

Nikamweleza kwamba mpingo huo huo wa Lindi unasafirishwa hadi Ulaya unatengenezewa klarineti na obo, ala za watu wanaovaa suti kupiga muziki. Akainua uso kutoka kwenye ungo.

"Basi mwambie apulize."

Ninaishi na watu wa aina hii.

Lakini jamani, mngejua ilivyotoka. Kipande nilikipata Mwenge, kwa wachongaji wa vinyago. Ukitaka mabaki waendee jioni wakati wanafagia, na hakikisha pana maji karibu. Sitanii. Ipo miti myeupe mingi iliyopakwa rangi ya viatu ikauzwa kwa jina la mpingo, na mpingo halisi ni mzito kuliko maji, unazama. Kijana aliyeniuzia alicheka nilipotumbukiza kipande chake kwenye kikombe. Kilizama moja kwa moja, tukaheshimiana.

Mti huu hauchongwi kwa kisu. Kisu kinateleza, kisha ghafla kinang'oa kipande kikubwa kuliko ulichotaka. Nilianza na msumeno wa chuma, nikaja na tupa, nikamalizia kwa kigae cha chupa, maana kioo kinaukwangua mpingo ukatoa unga laini usiobakiza alama. Unga huo unawasha puani na shingoni. Nilivaa barakoa na bado nilipiga chafya mfululizo hadi jirani akaniambia "afya!" kupitia ukutani.

Kazi yote iko shingoni, pale chini ya ndoana. Ukiiacha nene, uzi hauzunguki. Ukiipunguza mno inakatika, na mpingo haupindi kwanza ili kukuonya, unakatika tu. Unene niliupima kwa kibao nilichotoboa kwa biti za milimita 4, 5 na 6: sindano ikipita tundu la 5 bila kucheza, hiyo ni namba 5. Ndiyo faida niliyoipata kwa kushinda kwenye vifaa vya ujenzi. Chini ya milimita 4 siendi, huko ni kwa sindano za chuma na uzi mwembamba wa pamba. Msasa wa 120, wa 240, wa 400, halafu kitambaa kikavu. Vanishi ya nini? Mpingo ukiusugua unang'aa wenyewe. Na kwenye mkia nikabakiza ukanda wa ule mti wa nje, wa rangi ya krimu, kama wanavyofanya Wamakonde kwenye baadhi ya vinyago, nyeusi ikaishia kwenye nyeupe.

Nilipoimaliza niliiweka mezani nikazima tivii ili niiangalie vizuri.

Mlioniuliza kwa nini sikubaki na mninga: mninga ni mti mzuri kwa kabati. Kwa sindano, vinyweleo vyake vinashika uzi, inabidi uulowanishe, uache ukauke, upige msasa, urudie, na bado nyuzi za mti hazikubali kwenda upande mmoja. Mtiki unakula makali ya kisu. Mnazi usiniambie kitu, yale madoadoa mazuri ni nyuzi ngumu zilizokaa ndani ya mti laini, moja ikichomoka inakokota kitambaa kizima.

Mpera ndio niliojifunzia. Wa bure, tawi la jirani lililokatwa kwa sababu liligusa waya wa umeme. Watoto wa mjini wanaujua mpera kwa manati, kwa hiyo suala la kukatika halipo. Ukiupasua badala ya kuukata kwa msumeno, unafuata ulalo wake, na sindano inabaki na nguvu kutoka ncha hadi mkia. Ile ya kwanza iliyokubali kufuma nilimpa Zuwena. Imepinda kidogo, rangi yake haieleweki, na katikati ina bonde pale palipokuwa na kifundo. Niliipaka mafuta ya nazi basi. Sikuipiga hata picha.

Sasa sikilizeni. Zuwena yuko kwa bibi yake, likizo. Jumatano usiku akapiga simu, sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

"Baba, bibi kanichukulia sindano yangu."

"Sindano ipi?"

"Yangu. Ya mpera. Mimi kanipa ya chuma."

Nikasimama. Mama Zuwena akaniangalia, akadhani kuna msiba.

"Anaifanyia nini?"

"Anafumia vitambaa vya makochi, vya harusi ya jirani. Anafuma tu, hata umeme ukikatika anafuma. Mimi nikimwambia anirudishie anasema ngoja amalize mstari, na mstari hauishi."

"Na ile nyeusi?"

"Iko kabatini. Imeegemea chupa ya chai."

"Haitumii kabisa?"

"Anasema gizani haioni. Na hii ina mahali pa kidole." Kisha, baada ya kufikiri: "Baba, mwambie anirudishie."

Mahali pa kidole! Bonde la kile kifundo. Nilichokwangua nikichukia, nikijaribu kukifuta bila sindano kuwa nyembamba mno, ndipo dole gumba la mama mkwe limepata kikao. Nilicheka peke yangu barazani hadi nikakohoa. Mwanamke aliyefuma tangu usichana wake, mwenye sindano za chuma za kila namba ndani ya kopo la maziwa ya unga, anamnyang'anya mtoto wa miaka tisa sindano ya mpera iliyopinda. Mimi ndiye niliyeichonga. Nilimsimulia Mama Zuwena, akasema "unaona?", ingawa sijui alitaka nione nini, maana yeye alisema mchi.

Usiku huo nililala vizuri. Jana asubuhi nikiwa ndani ya mwendokasi, nimebanwa mlangoni, ile sentensi ikarudi tena. Safari hii niliisikia kwa sauti tofauti, karibu ya furaha, kama mtu anayepokea kitu asichotaka kikatike. Labda. Mpingo unakatika kweli, na yeye kazaliwa kwenye misitu yake, anaujua kuliko mimi. Au aliona ulivyo mweusi tu akawaza macho yake. Au vyote. Kuna wakati nafikiri alipopitisha ule ukucha alikuwa ananipima mimi, siyo sindano, akaona kijana kajitahidi, asimvunje moyo.

Ya Zuwena lazima nitengeneze nyingine kabla hajarudi, la sivyo kesi itahamia nyumbani. Nimeanza kutafuta matawi yenye vifundo, yale yale niliyokuwa nayatupa. Tatizo kifundo hakikai unapotaka: kikiwa karibu na shingo, sindano inavunjika. Kinatakiwa kikae chini, umbali wa kama vidole vitatu kutoka kwenye ndoana, na upande ambao ndoana inatazama. Jana jioni nilipata tawi moja linaloelekea kufaa, nikakaa uani kulipasua.

Nikiwa pale ndipo mwenye nyumba alipoingia na watu wawili wenye futi. Wakapima kuanzia ukuta wa choo hadi getini, wakarudi, wakapima upana. Mmoja alipiga picha paa. Nikasimama, nikamwamkia mzee, akaitikia vizuri tu.

"Mnapima nini, mzee?"

"Aa, tunaangalia tu."

Lakini aliandika namba kwenye kijitabu, na yule wa picha alimuuliza kwa sauti ya chini kama wapangaji wote wana mkataba. Kodi yetu tumelipa hadi Desemba. Mkataba wa maandishi uliisha mwaka juzi, tukawa tunapeana risiti tu kwa kuaminiana. Mama Zuwena alikuwa sokoni, na sijamwambia mpaka sasa.