Nyongo Haikuonekana

Oktoba ile lori lilimgonga twiga dume usiku, barabara ya Dodoma kwenda Iringa, upande wa Mtera. Tulipofika saa moja asubuhi ubavu wa kushoto ulishajaa gesi, ukigongwa unalia kama ngoma. Kabla ya kushika kisu kuuchunguza mzoga tulitoa damu ya sikio na kuiangalia kwa hadubini, maana mzoga wa kimeta, ugonjwa unaoambukiza hata watu, haupasuliwi. Damu ilikuwa safi.

Nilianzia kinywani. Ulimi ulitoka sentimita 46, mweusi kuanzia ncha. Meno ya mbele ya juu hana, sawa na ng'ombe; pale kuna ufizi mgumu tu. Ila chini, jino la mwisho la pembeni katika safu ya mbele limegawanyika ncha mbili, na hilo ndilo kitana chake: anazungusha ulimi kwenye tawi, anavuta kichwa, majani yanabaki mdomoni, miiba inabaki mtini.

Katikati ya shingo tulikuta donge la cheuo, kubwa kama ngumi. Twiga hucheua hata akitembea, na misuli ya umio wake hulipandisha donge karibu mita mbili.

Tumbo lilitushangaza kwa udogo. Vyumba ni vinne, lakini lile la kwanza, ambalo wauza supu huliita taulo, ni dogo ukilinganisha na mwili wenyewe. Ndani mlikuwa na uji mzito wa majani ya mgunga, wenye mapovu. Kwa ng'ombe nyasi huelea juu na maji hukaa chini. Hapa vyote vilikuwa kitu kimoja, ndiyo maana vinyama vidogo vya ukuta wa taulo vilienea mpaka sehemu yake ya juu, na chumba cha pili, chenye sega la nyuki kwa ng'ombe, kilikuwa na michirizi hafifu tu. Tumbo la namna hii ni la majani. Twiga wa kufugwa akijazwa pumba na mahindi, wanga unachacha haraka, asidi inapanda, anaacha kula.

Mchinjaji mmoja wa pale kijijini alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote, akiogopa tutaipasua nyongo.

"Daktari, nyongo mmeshaitoa?"

"Haipo, mzee. Twiga mkubwa kwa kawaida hana."

Hakuamini. Aliomba glavu, akaligeuza ini mwenyewe mara mbili, akapapasa chini yake kwa kidole gumba. Kisha akaenda kusaidia kuchimba shimo.