Beringi za mota ya msumeno wa zamani: ikizunguka kirahisi sana, itilie shaka

Mtu akipata msumeno wa meza wa zamani, cha kwanza anachofanya ni kuisukuma puli ya mota kwa kidole, ikizunguka weee bila kusimama anafurahi, anasema beringi bado nzima hizi. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Beringi yenye grisi nzuri ina uzito kidogo, ukiisukuma inaenda raundi chache halafu inatulia yenyewe. Inayozunguka kama pia mara nyingi grisi imeshakauka au imeisha kabisa, gololi zinakimbia kwenye chuma kitupu, na ukitega sikio utasikia mlio mwembamba mkavu.

Kabla ya yote chomoa waya kwenye soketi, sio kuzima swichi tu, halafu toa mkanda. Mkanda ukiubakiza hutajua kelele inatoka wapi, maana shafti ya blade nayo ina beringi zake, na tena mkanda uliokaa miaka bila kuzunguka unashika umbo la puli na unatetemesha mashine nzima, lawama zote zinaenda kwa mota bure.

Sasa zungusha shafti kwa vidole, polepole mno, maana ukiizungusha haraka hutasikia kitu. Ukihisi vikwaruzo au sehemu inayonatanata kila raundi inapofika palepale, njia ya gololi imeshachimbika, hiyo badilisha, hakuna grisi ya kuiponya. Ikiwa nzito mzunguko wote sawasawa, hapo ni grisi ya zamani imegeuka gundi. Kisha shika shafti uitikise juu chini. Ikicheza kiasi cha kuhisi kwa mkono, imekwisha, na ukiendelea kuitumia hivyo rota (sehemu inayozunguka ndani) itakuja kugusa stata (sehemu ya waya iliyotulia inayoizunguka) na hapo umepoteza mota. Ila ukiivuta mbele na nyuma ikasogea kidogo usishtuke, mota nyingi zina washa ya springi, yaani pete nyembamba ya chuma inayosukuma kama springi, nyuma ya beringi moja kwa hiyo nafasi hiyo imewekwa makusudi.

Baada ya hapo ndo uiwashe, bado bila mkanda. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mfuniko wa mota usawa wa beringi, mpini usogeze sikioni, na tafadhali nguo na nywele zikae mbali na puli. Sikiliza pande zote mbili ulinganishe. Halafu zima, hiki ndo kipimo ninachokiamini kuliko vyote: muungurumo ukikatika papo hapo umeme ulipokatika, chanzo ni upande wa umeme, ukiendelea huku mota inapungua mwendo basi ni beringi, au feni inagusa mahali. Ule mlio wa "tak" karibu na kusimama kwenye mota za fezi moja ni swichi ya ndani ya kuwashia inarudi mahali pake, achana nao.

Kama ni za kubadilisha, soma namba kwenye ringi. Mfano 6203 ni shimo milimita 17, nje 40, unene 12, na vipimo hivi ni vya kimataifa, ndo maana mota ya miaka mingi bado unaipatia beringi mpya. Kwenye vumbi la mbao mimi nachagua iliyoandikwa 2RS mwishoni mwa namba, yenye sili za mpira, iliyoandikwa ZZ ina kifuniko cha bati kinachoacha upenyo. Badilisha zote mbili, na unapoisukumia kwenye shafti nguvu ipite ringi ya ndani tu, ukigonga ringi ya nje gololi zinachimba njia yake na umeiua beringi mpya kabla haijafanya kazi. Kwa sababu hiyohiyo beringi uliyoivuta kwa kushika ringi ya nje usiirudishe.

Na kuna mota za zamani zaidi hazina gololi kabisa, zina bushi, yaani kibomba cha chuma ambamo shafti inazunguka ikiteleza kwenye mafuta, na vikombe vidogo vya mafuta juu. Hizo zinataka oili nyepesi, ukishindilia grisi mafuta hayapiti na bushi inakauka.