Wiki ya maziwa mgando

Mwaka jana nikielekea Mwanza, tumbo lilianza kunguruma kabla hata hatujafika Mombo. Konda ananiambia, "Vumilia dada, tutachimba dawa mbele." Kuvumilia nini jamani!

Safari hii mama mkubwa wa Ngamiani, Tanga, akaniwahi. Wiki nzima kabla ya safari, kila jioni kikombe cha maziwa mgando. Anagandisha mwenyewe: anachemsha, anaacha yapoe mpaka kidole kivumilie, anatia vijiko viwili vya mgando wa jana, anafunika kwa kitambaa. Asubuhi yameshika, ukiinamisha bakuli yanatikisika tu. Bakteria wamekula sukari ya maziwa wakatoa asidi, ndiyo uchachu ule. Ukiyachemsha tena umewaua.

Siku tatu za mwanzo gesi ilinijaa, siwafichi. Nikashusha hadi nusu kikombe.

Siku ya basi sikugusa mgando, nilikula mkate mkavu na ndizi. Zaidi ya kilomita 1,000, nimechimba dawa mara moja tu, Singida, tena kwa raha zangu. Sasa sijui ni mgando, au ni kwa sababu safari hii sikununua mishikaki ya dirishani 😂