Darasa la Upanga Mjini Leeds

"Watu wakija Uingereza huenda kutazama saa kubwa, wewe waenda kupigana?" Dada aliniuliza huku akinifungia mkate wa kumimina wa njiani. Sikuwa na jibu la maana. Nimekulia Lamu, penye kirumbizi, ngoma ya kupigana kwa bakora, na nilikuwa nimesikia kwamba huku kuna watu wanafundishana upanga wa kale wa Ulaya jioni baada ya kazi. Nilitaka kuona wanafundishanaje.

Kutoka kituo cha King's Cross, London, hadi Leeds ni saa mbili na kitu kwa treni. Mashamba, kondoo, mvua, kondoo tena. Nikashuka, nikafuata mto Aire kwa miguu mpaka Royal Armouries, jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1996 ili kuhifadhi sehemu kubwa ya silaha zilizokuwa zimerundikana katika Mnara wa London. Kuingia ni bure, jambo lililonipendeza sana. Nilisimama mbele ya deraya ya tembo kutoka Bara Hindi, kisha mbele ya kofia ya chuma yenye pembe na miwani, ambayo Kaizari Maximilian wa Kwanza alimzawadia Henry wa Nane. Uso wake unakenua meno. Wafalme nao walikuwa na masihara yao.

Lakini mali ya jumba hili iliyonileta ni kitabu. Kinaitwa kwa namba yake tu, I.33, na ndicho kitabu cha mafunzo ya upanga cha kale kuliko vyote vya Ulaya vinavyojulikana leo. Kiliandikwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 14, kwa Kilatini kilichochanganywa maneno ya Kijerumani. Kina kurasa 64 za michoro ya rangi, na mwalimu ndani yake ni padri, upara umenyolewa utosini, akimfunza kijana upanga na ngao ndogo ya mkononi. Kilikuwa katika mji wa Gotha, Ujerumani, kikapotea wakati wa Vita Kuu ya Pili, kikaibuka mnadani London mwaka 1950.

Jioni nikaenda darasani, kwenye ukumbi wa kanisa wenye harufu ya chai na viatu. Tulikuwa kumi na wanne. Mwalimu, fundi wa mabomba mwenye ndevu nyeupe, alikuwa na nakala ya picha za kitabu kile ndani ya faili la plastiki. Akalifungua sakafuni, tukalizunguka kama watoto wa chuo wanavyozunguka msahafu.

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti. Mimi kirumbizi nilifundishwa na mjomba, uani, kwa bakora na matusi. Akikosea yeye, alikuwepo mzee wa kumsahihisha. Hawa hawana mzee. Bunduki zilikuja, upanga ukabaki wa heshima na baadaye wa michezo, na mnyororo wa mwalimu na mwanafunzi ukakatika. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanajeshi mmoja, Alfred Hutton, alijaribu kufufua mitindo hiyo kwa kusoma vitabu vya kale, na wa leo wanafanya vivyo hivyo. Mchoro unaonyesha padri kasimama hivi, kisha hivi. Katikati ya hivi na hivi, mguu ulipita wapi? Mwalimu wetu alisema waziwazi, "Mwaka jana niliwafundisha kinyume." Hakuna aliyecheka. Mjomba asingekiri hilo hata kwa kushikwa koo.

Tukapewa panga za plastiki, vinyago vya wavu na glavu. Mikao ya kujihami ni saba, na wa kwanza upanga unafichwa chini ya kwapa la kushoto, kana kwamba umebeba mwavuli. Kanuni kubwa ni moja: upanga unapotoka, ngao inatoka nao, kwa sababu mkono ulioshika upanga ndio ulio karibu zaidi na adui. Ngao yenyewe ni kama sahani ya wali. Haikufichi wewe, inakificha kiganja.

Nilielewa kwa kichwa. Mwili ulikataa. Kwenye kirumbizi mkono mtupu unaruka wenyewe, unacheza, zumari linaupeleka. Kila nilipopiga, ngao yangu ilibaki nyuma ikicheza ngoma yake.

Mwisho wa darasa mwalimu alifungua kurasa za mwisho. Pale kijana hayupo tena. Anayepambana na padri ni mwanamke mwenye nywele ndefu na kanzu, na jina lake limeandikwa: Walpurgis. Ni nani, amefikaje pale, kitabu hakisemi. Mwalimu akanipa nafasi ya padri, na mama mmoja wa makamo, muuguzi, akachukua ya Walpurgis. Nikapiga. Ngao yangu ikabaki nyuma. Plastiki ikatua kwenye kidole gumba, na glavu haikusaidia kitu.

"Pole, mpenzi," akasema yule mama, kisha papo hapo akarudi kwenye mkao wake.

Nilifika kwa dada karibu na usiku wa manane, kidole kimeiva kama zambarau. Akakishika, akakigeuza chini ya taa.

"Nani kakufanya hivi?"

"Mwanamke mmoja, Walpurgis."

Akanitazama kitambo, akaenda kuleta barafu.