Matundu niliyoyaziba mwenyewe

Skuli yetu ya maandalizi ni chumba kimoja kikubwa cha matofali na mabati, nje kidogo ya mji wa Wete, Pemba. Watoto 34, wengi wao wa miaka minne na mitano. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nikiwaambia wazazi kwamba kikohozi ni cha mvua, au watoto wanaambukizana tu, si unajua watoto. Kuambukizana kulikuwepo kweli. Lakini sehemu kubwa ya kikohozi kile niliitengeneza mimi, kwa nia njema na kwa fedha za kamati.

Yalianza na uji. Watoto wengi walikuwa wakija na njaa, kamati ya wazazi ikakubali tupike uji wa saa nne. Banda la jiko tukalijenga mwezi wa Januari, limeegemea ukuta wa kusini, kwa sababu ndipo penye kivuli na karibu na mfereji. Januari kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ndiyo inayovuma, moshi ukenda zake migombani na sote tukaridhika. Bibi anayetupikia alilitazama banda, akaguna, akaingia kazini.

Mwezi wa Mei kusi, upepo wa kutoka kusini, ikashika. Matundu ya hewa yaliyo chini ya paa yako upande ule ule wa jiko, basi moshi wa kuni mbichi na makumbi ukawa unaingia darasani moja kwa moja. Nikamwita kijana akayaziba matundu yote kwa saruji. Moshi ukapungua, joto likazidi. Madirisha nayo nilikuwa nikiyafungua kidogo tu kwa kuogopa mbu, maana ile masika ilikuwa kubwa. Chumba kikaanza kunuka jasho na mikojo ya wale wanaojisahau, na nyuma ya kabati ukuta ukaota kuvu nyeusi. Kwa ile harufu nikawa nachoma udi kila asubuhi kabla watoto hawajaingia. Kwa mbu nikawa nawasha ile dawa ya kuchoma ya mviringo, naiweka chini ya meza yangu. Mfadhili mmoja akatupa zulia la plastiki, nikalitandika ukuta kwa ukuta.

Mgeni akiingia alikuwa anasema, mashaallah, panapendeza, panANUKIA. Nami nikivimba kichwa.

Siku iliyonifungua macho ni siku kitasa cha mlango kilipokwama. Fundi alikuwa amekwenda Konde, hawezi kufika kabla ya adhuhuri, tukakaa chini ya mwembe tangu saa mbili. Kuna mtoto mmoja wa kike ana pumu, nimezoea kumsikia akikohoa kuanzia saa tatu mpaka mama yake anapomfuata. Siku ile aliimba, akakimbia, akanywa uji vikombe viwili. Mama yake alipokuja aliniuliza, "Mwalimu, leo umempa dawa gani?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimenyongeka, kwa sababu jibu nilikuwa nalo, ila sikutaka kulitamka.

Kesho yake nilikaa kwenye mkeka kimo cha watoto, badala ya kwenye kiti. Kwenye bati kuna tundu la msumari uliochomoka, na asubuhi jua hupita pale likaanguka sakafuni kama kamba. Nikamwambia msaidizi wangu afagie kama kawaida. Ile kamba ya jua ikajaa vumbi, nyuzi za zulia, chaki, na moshi wa udi ukijikunja polepole humo humo. Hakikutua kitu. Watoto walipoingia dakika kumi baadaye vumbi lilikuwa bado linaelea, kimo cha pua zao hasa. Mimi nikisimama, pua yangu iko juu yake.

Kijana mmoja wa mtaani anayesoma chuo Unguja alikuwa likizo, ana kikasha cha kupimia hewa ya ukaa. Tukafunga madirisha kama nilivyozoea, watoto wakaanza nyimbo. Nje hewa ya ukaa ni kama sehemu 420 kwa milioni, na wanaoshughulika na majengo wengi huichukua 1,000 kuwa ndiyo alama kwamba chumba hakipati hewa ya kutosha. Baada ya dakika 40 kikasha kilisoma 2,140. Kijana akanieleza kuwa hewa hiyo yenyewe kwa kiasi hicho haiwezi kumdhuru mtoto pale pale. Maana yake ni kuwa pumzi anayoitoa mmoja ndiyo anayoivuta mwengine, pamoja na mafua yake. Tulipofungua kila kitu, mlango na madirisha ya pande mbili, ilishuka chini ya 800 kabla hawajamaliza wimbo wa tatu.

Dawa ya mbu ndiyo iliyoniuma zaidi. Kuna watafiti walioupima moshi wake mwaka 2003, wakakuta kipande kimoja kikiungua chote hutoa vumbi laini sawa na la sigara 75 mpaka 137. Mimi ambaye baba wa mtoto akija na sigara mkononi namsimamisha getini! Na mtoto mdogo huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake, mapafu yake nayo bado yanakua.

Nikaenda kwa bibi jikoni, nikamuuliza jiko tulipeleke wapi. Alikuwa anakoroga, hata hakugeuka. "Magharibi, mwanangu. Kaskazi ikija inauchukua moshi, kusi ikija inauchukua. Hapa mlipolijenga, kusi yote inaingia kwa watoto." Nikamuuliza mbona hakusema Januari. "Mlikuja na ramani. Mimi na ramani wapi na wapi?"

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Baba mmoja ni mwashi, aliyazibua matundu kwa siku mbili bila ya kudai kitu ila chai. Akaongeza matundu mengine juu ya ukuta wa kaskazini, ili upepo ukiingia huku utokee kule. Mwanzo matundu yalikuwa upande mmoja tu, hewa ilikuwa haina pa kutokea. Uvungu wa paa unayakinga, kwa hiyo hata mvua ikinyesha tukafunga madirisha hewa inapita. Madirisha tukayapiga wavu. Dawa ya mbu nikaacha, badala yake kila Jumatatu watoto wakubwa wanazunguka uwanjani na msaidizi kupindua vifuu na makopo yenye maji, na huo wamegeuza mchezo. Mbu wa malaria wengi huuma usiku, lakini wa dengi huuma mchana, kwa hiyo hili sikuliachia wavu peke yake.

Kuvu nilipoteza muda nayo. Nilisugua, nikapaka rangi ya mafuta, ikarudi baada ya mwezi ikichungulia chini ya rangi. Mwashi akanionyesha nje: udongo ulikuwa umelundikana ukutani mpaka juu ya sakafu, maji ya mvua yanakaa pale. Tukauchimba, tukaikwangua rangi, tukauacha ukuta ukauke, tukapaka chokaa ya kawaida. Zulia la plastiki lilitoka, mikeka ikarudi, na kila Ijumaa inaanikwa juani. Tunafagia watoto wakishaondoka, asubuhi tunapitisha kitambaa chenye maji tu. Ubao nao unafutwa kwa kitambaa kibichi. Jiko lilichukua muda kwa sababu ya mabati, lakini sasa liko magharibi, hatua ishirini kutoka darasani.

Ugomvi ulikuja pahala nisipopatarajia. Bibi wa mtoto mmoja alinijia juu: "Siku hizi hapanukii, mwalimu. Mnasomesha watoto bandani?" Kumwambia mtu mzima wa Pemba kuwa udi unadhuru ni kazi, na mimi mwenyewe nyumbani siishi bila ya chetezo. Tukaelewana hivi: Alhamisi jioni, darasa tupu, madirisha wazi, nafukiza. Ijumaa asubuhi moshi umeshatoka, harufu imebaki kwenye mikeka. Bibi karidhika.

Yule mtoto wa pumu bado hukohoa, hasa akipata mafua, na mama yake bado anamwekea dawa yake ya kuvuta mkobani. Lakini siku ya kukohoa mfululizo tangu saa tatu sijaiona tena.

Kilichobaki ni maleleji, pale kaskazi imekwisha na kusi haijashika. Siku hizo upepo hauna mwenyewe na moshi hurudi darasani hata kutoka magharibi. Bibi anayetupikia ameamua kuwasha jiko saa kumi na mbili na nusu, uji uive kabla watoto hawajafika, autie kwenye chupa za chai mpaka saa nne. Chupa tunazo tano, zinahitajika nane. Nimeshaziombea kwenye kamati, na safari hii sikwenda na ramani.