Will Hopoate, Jumapili, na mpwa wangu wa Jumamosi

Wengi wenu hamjawahi kumsikia Will Hopoate na wala siwashangai, rugby yenyewe huku Bongo ina watu wake wachache, alafu hao wachache wanaangalia ile ya wachezaji 15, siyo rugby league ya wachezaji 13 ambayo watu wa Sydney na wa kaskazini mwa Uingereza ndo wanakufa nayo. Mi namfuatilia huyu jamaa muda mrefu sasa, na siku hizi namtaja kila nikikaa na mpwa wangu mpaka dada kaniuliza, "Kaka, huyo Mtonga wako anatuhusu nini sisi?" Dada, anatuhusu, tena sana, maana mwanao naye ni mchezaji na Jumamosi hachezi, na leo naandika yote kwa mpigo.

Twende 2011. Hopoate ana miaka 19, kazaliwa Australia kwenye familia ya Kitonga, yaani wa Tonga, nchi ya visiwa kule Pasifiki, anachezea klabu ya Manly ya Sydney. Jina lake pale lilikuwa na uzito wake kwasababu baba yake, John, alibeba ubingwa na timu hiyohiyo mwaka 1996, ila watu walimkumbuka zaidi kwa kufungiwa mechi, na 2005 klabu ikaachana naye. Kwahiyo dogo anaingia uwanjani kila mtu anamwangalia kwa jicho la baba. Mwezi wa sita anaitwa timu ya New South Wales kucheza na Queensland kwenye State of Origin, mechi za majimbo hayo mawili ya Australia, na kwa wale watu hiyo mechi ni kubwa pengine kushinda hata ya timu ya taifa, mechi yake ya kwanza kabisa anafunga trai, yaani anaweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, na wanashinda 18 kwa 8. Oktoba 2 yuko kwenye fainali ya ligi mbele ya watu 81,988, Manly wanawapiga Warriors wa New Zealand 24 kwa 10. Miaka 19 huyo, bingwa, kila klabu inamtaka.

Alafu akaondoka. Alikuwa ameshasema kwamba msimu ukiisha anaenda umisionari miaka miwili, na ukaisha akaenda kweli.

Wamormoni, yaani Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ndo wana huo utaratibu kwa vijana wao. Enzi hizo kijana wa kiume alikuwa anaanzia miaka 19, walikuja kushusha mpaka 18 mwaka 2012. Hulipwi mshahara, gharama ni zako na za nyumbani kwenu. Huchagui pa kwenda, unapangiwa. Unavaa shati jeupe na tai na kile kibao cheusi cha jina kifuani, mnatembea wawili wawili mnagonga milango ya watu, na wakati ule simu ya nyumbani ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama basi, siku zingine ni imeili mara moja kwa wiki. Hopoate akapangiwa Brisbane. Kwa asiyejua, Brisbane ndo makao makuu ya Queensland, yaani walewale aliowafunga trai mwezi wa sita, sasa mwezi wa sita unaofuata yuko mtaani kwao na Biblia mkononi wakati mji mzima umevaa jezi za Origin. Nikiwaza hapo huwa namheshimu sana, maana angeweza kusema ataenda akishastaafu na hakuna ambaye angemlaumu.

Wanaomsimulia wengi wanaishia hapo, wanapiga makofi, wanasema kijana ana msimamo. Na ni kweli anao. Ila mi naona hiyo ndo ilikuwa sehemu nyepesi, na msinielewe vibaya, miaka 19 mpaka 21 kwa mchezaji anayetegemea mbio ni dhahabu. Nasema nyepesi kwasababu gharama yote aliibeba ye mwenyewe. Alikosa mechi zake, hela zake, umri wake. Manly walijua mapema wakajipanga, na Parramatta, klabu nyingine ya Sydney, walimsainisha kabla hata hajarudi, 2014 akaanza kazi kwao kama hakuna kilichotokea. Mtihani wenyewe ulikuja baadaye, na ulikuja kwa jina la Jumapili.

Kwa Watonga Jumapili ni kitu kingine kabisa. Katiba yao ya mwaka 1875 imeandika kabisa kwamba siku ya Sabato itakuwa takatifu Tonga na mtu asifanye kazi wala biashara siku hiyo isipokuwa kwa namna sheria inavyoruhusu, na mpaka leo ukiwa Tonga Jumapili maduka yamefungwa, michezo hakuna, ndege za ndani haziruki. Sasa mtoto wa watu hao anafanya kazi kwenye ligi ambayo raundi moja inaanza Alhamisi usiku inaisha Jumapili jioni, ratiba inapangwa kwa kuangalia televisheni, na fainali kuu yenyewe inachezwa Jumapili. Hata ile ya 2011 ilikuwa Jumapili na yeye alicheza, na watu walikuja kumkamata nayo hiyo baadaye, mbona siku ile ulicheza? Mi sioni kama ni hoja. Mtu wa miaka 19 akienda akahubiri miaka miwili akarudi anaiona siku kwa uzito tofauti, hiyo inaitwa kukua.

Na kuna kitu kimoja kuhusu huu mchezo ambacho kinanigusa kila nikikifikiria. Rugby league ilizaliwa mwaka 1895 kwenye hoteli moja pale Huddersfield, klabu za kaskazini mwa Uingereza zikajitoa kwa wenzao kwasababu ya malipo, wachezaji wao walikuwa watu wa viwandani na migodini wanaofanya kazi mpaka Jumamosi, wakienda kucheza wanakatwa mshahara, klabu zikataka kuwafidia ile siku waliyokosa kazini, wakubwa wa rugby wakakataa. Yaani tangu mwanzo ni mchezo ulioanzishwa na ubishi wa siku ya mtu ni ya nani. Hopoate mwenyewe alikuja kuchezea Huddersfield mwaka 2022.

Sasa 2016. Kahamia Canterbury Bulldogs, nao ni wa Sydney, na kocha ni Des Hasler, yuleyule aliyekuwa naye Manly kwenye ubingwa. Kabla msimu haujaanza ikatangazwa kwamba Hopoate hatacheza Jumapili na klabu imekubali. Sikilizeni hapo, kabla msimu haujaanza. Hakusubiri Jumamosi usiku orodha imeshatoka ndo amfuate kocha pembeni aseme kesho siwezi. Msimu mzima kocha alijua Jumapili zipi ajipange na mtu mwingine.

Ikafika Septemba, Bulldogs wameingia mtoano, mechi ya kwanza na Penrith, ukifungwa msimu umeisha. Ratiba ikatoka, Jumapili tarehe 11. Na Hopoate hakucheza. Bulldogs wakafungwa 28 kwa 12 wakaenda likizo.

Hapa ndo pa kukaa tuongee. Sijui kama kuna mtu anaweza kusema angekuwepo wangeshinda, tofauti ya pointi 16 siyo ya mtu mmoja, lakini weka hilo pembeni. Fikiria uko kwenye ile timu. Umefanya mazoezi naye tangu Novemba, umeumia bega umechomwa sindano umecheza, una mkataba unaisha, una watoto, na siku ambayo msimu wenu wote unaamuliwa, mwenzenu mzima wa afya kabisa hayupo. Mi ni mtu wa imani, nimelelewa kwenye imani ya kutunza siku, na bado nasema huyo mwenzake akikasirika ana haki ya kukasirika. Tunapowafundisha vijana kanisani tunawaambia simama imara Mungu atakulinda, ni sawa, ila mara nyingi hatuwaambii kwamba kuna siku kusimama kwako imara atalipa mtu mwingine ambaye hata hasali na wewe.

Mlinganishe na Hazem El Masri, huyu wenzetu Waislamu watamfurahia. Alizaliwa Tripoli ya Lebanon, akaenda Australia akiwa mtoto, akacheza Bulldogs hiyohiyo, mpiga mateke hatari, alivyostaafu 2009 alikuwa ndo mfungaji wa pointi nyingi kuliko wote kwenye historia ya ligi, 2,418. Na Ramadhani alikuwa anafunga, mazoezi anafanya, mechi anacheza, tumbo tupu na koo kavu. Ni kazi kubwa mno na sipunguzi chochote hapo. Ila saumu unaibeba mwilini mwako, bado uko uwanjani, bado namba yako imejazwa. Siku ya mapumziko inaacha nafasi wazi, na nafasi wazi inaonekana na kila mtu aliyekata tiketi. Ndo maana kijana mwenye Sabato anatukanwa zaidi, hata akiwa mpole kiasi gani.

Mwaka 2017 Hopoate akabadilisha, akasema Jumapili atacheza tena. Weee! Waliokuwa wanamsema hana uzalendo na timu wakamsema hana msimamo, na waliokuwa wanamtumia kama mfano kwenye mahubiri wakanyamaza. Mi naona wote walimkosea. Kanisa lake halina kanuni ya kumfukuza mtu anayecheza Jumapili, Steve Young alikuwa quarterback, yule anayeongoza mashambulizi, wa timu ya 49ers kwenye futiboli ya Kimarekani, Mmormoni wa ukoo wa Brigham Young mwenyewe, kiongozi wao wa zamani, na ligi yao ya NFL inachezwa Jumapili. Ni jambo wanaloachiwa wapime na dhamiri zao. Hopoate alipima mara ya kwanza akaona asicheze, akapima tena akaona acheze, na mara zote mbili alisema hadharani akiwa amesimama kwa miguu yake. Mwisho wa mwaka huohuo yuko fulbeki, beki wa mwisho nyuma, wa Tonga kwenye Kombe la Dunia, ile timu iliyowapiga New Zealand 28 kwa 22 pale Hamilton baada ya kwenda mapumziko wamefungwa 16 kwa 2, mashabiki uwanja mzima nyekundu wanaimba nyimbo za kanisani. Sidhani kama Watonga waliokuwa pale walikuwa wanahesabu amecheza Jumapili ngapi.

Kuna tukio lingine linaonesha upande wa pili, klabu nazo zinavyokosea. Julai 2022, Manly, Hasler karudi kuwa kocha pale. Klabu ikatoa jezi yenye rangi za upinde wa mvua kuonesha kwamba watu wote wanakaribishwa wakiwemo wapenzi wa jinsia moja, wachezaji saba wakasema kwa imani na mila zao hawawezi kuivaa, wakakaa nje ya mechi ya klabu ya Roosters na Manly wakafungwa 20 kwa 10. Ubishi wa jezi yenyewe siuingii leo, kuna watu waliumia pande zote. Ninachokiangalia mi ni kwamba wachezaji hawakuulizwa kabla. Hasler alikaa mbele ya waandishi akaomba radhi kwa wachezaji na kwa watu ambao jezi ilikusudiwa kuwapa heshima. Kikao kimoja tu mapema, cha kimyakimya ofisini, na ile wiki isingekuwa vile.

Haya, mpwa wangu. Sisi ni Wasabato wa Upareni, kwetu Wasabato wamekuwepo tangu 1903, kwahiyo hii habari tumezaliwa tumeikuta. Dogo ni kiungo, yuko timu ya vijana chini ya miaka 20 hapa Dar, na watu wanaojua mpira wanasema ana kitu. Ijumaa mchana utamkuta nyuma ya nyumba na mswaki wa zamani anasugua njumu, maana jua likizama hazigusi tena, anazipanga kwenye kibaraza, anaoga, anaenda kufungua Sabato na mama yake. Jumamosi jua likizama yuko radhi kucheza mpaka asubuhi. Mechi ya saa moja usiku anaifika, ila ya saa kumi jioni haifiki, na mechi za vijana nyingi ni saa kumi jioni kwasababu viwanja vyenyewe havina taa. Msimu uliopita mara kadhaa aliumwa tumbo Jumamosi, na kocha siyo mjinga.

Wiki iliyopita kaniambia, "Mjomba, mi nimechoka kuumwa tumbo." Hapo ndo nikamsimulia habari ya Hopoate na ule msimu wa 2016, na nikamwambia usiende kwa kocha kuomba ruhusa ya Jumamosi ijayo, nenda kabla ratiba haijatoka, nenda na kalenda, mwoneshe ni mechi zipi utakosa na zipi utakuwepo, mwambie mazoezi ya Jumapili asubuhi wenzako wakiwa kanisani wewe upo, ukikosa namba kwa ajili ya hiyo kubali bila kununa, na wenzako uwaambie wewe mwenyewe, wasisikie kwa mtu. Dada yeye anataka nimwambie kwamba Mungu atafungua njia ratiba ibadilike. Inaweza kubadilika kweli, ila siwezi kumwahidi mtoto ratiba ya watu.

Kikao na kocha na meneja ni mwezi ujao, na mzee mmoja wa kanisa kakubali kutusindikiza. Kama kuna Msabato yeyote anasoma hapa ambaye amecheza ligi yoyote ya Bongo au Kenya na aliwahi kukaa na klabu wakaandikishana kuhusu Jumamosi, naomba uniandikie mlivyokubaliana, hasa upande wa mshahara na mechi za mtoano, maana hapo ndo sina cha kumwambia.